Ndimu Tatu na Pombe ya Jembe

Iko Jumamosi moja ninayoikumbuka kuliko siku niliyofunga ndoa. Mke wangu analijua hilo na ameshazoea, kwa hiyo simsengenyi. Ilikuwa mwezi wa tatu, miaka ile ya vijiji vya ujamaa, mvua zikiwa zinaelekea mwisho na majani yakiwa yamenifika kifuani. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na nilijiona najua kila kitu.

Mwanangu, ingawa sikukuzaa mimi, nitakusimulia siku hiyo, lakini kwanza nikuambie kwa nini. Wiki iliyopita ulikuja mashineni kwangu, umevaa jezi ya timu. Ukanisalimia vizuri, shikamoo mzee, nikaitikia. Ukaniambia msimu huu hatushuki daraja, nyumbani tumepoteza mechi moja tu, mshambuliaji wetu ni moto. Siku tatu baadaye akaja mama yako na debe la mahindi kichwani, peke yake. Nikamuuliza ntumba zenu, vile vilima vya shambani, zimefika wapi. Akacheka kile kicheko cha mtu asiyetaka kuulizwa, akasema, "Vijana wanasafiri na timu, baba."

Sikulala vizuri. Ndiyo maana nimeshika kalamu, mimi wa darasa la pili, mwenye mashine mbili za kusaga na nyumba ya tofali za kuchoma ambayo hakuna mtu aliyenisaidia hata tofali moja. Mwandiko wangu ni mbaya, utausoma hivyohivyo.

Sisi tulikuwa na timu yetu ikiitwa Upepo. Tuliipa jina hilo kwa sababu ya ule upepo wa mjini kwetu unaokata masikio. Wachezaji hawakulipwa kama hawa wenu. Mmoja alikuwa fundi seremala, mwingine utingo wa lori, golikipa alikuwa mpishi wa shule. Na yule wa mbele, Gaudensi, alikuwa hana kazi yoyote ila kufunga magoli, na sisi tulimlisha kwa zamu. Mimi nilikuwa mkuu wa washangiliaji. Ngoma kubwa ilikuwa yangu. Bila mimi uwanja ulikuwa kimya, na nililijua hilo kupita kiasi.

Msimu ule hatukufungwa nyumbani. Kila aliyekuja alipigwa. Ikabaki timu moja ya Tabora, mechi mbili, ya kwanza kwetu na ya pili kwao. Tukiwatoa, tunaingia ligi ya taifa. Mji mzima ulikuwa hauzungumzi jambo lingine. Bwana Salumu mwenye duka alikuwa amekwisha kuahidi lori lake la kutupeleka Mpanda, tukapande treni kwenda mechi ya marudiano.

Sasa sikia upande wa pili. Baba yangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kwetu ulikuwa hujamaliza msiba wa mtu mpaka umepika kimpumu, ile pombe ya ulezi ya kunywa kwa mirija na maji moto, ukawaita ndugu, padri akasoma misa, watu wakanywa, marehemu akaachwa apumzike. Na ulezi huo unatakiwa utoke shambani kwake mwenyewe. Baba alikuwa mtu wa ntumba mia nne kila mwaka. Mama alikuwa ameamua kwamba mwaka ule atalima shamba lilelile, mwaka utakaofuata avune, amalize msiba.

Na ntumba hazingoji mtu. Wewe umezaliwa Ufipa unajua, ila wenzako wa mjini hawajui, kwa hiyo naeleza. Udongo ukiwa umelowa na majani mabichi, unayapindua kwa jembe na kuyafukia ndani ya kilima cha duara. Yanaoza humo kiangazi chote. Mvua mpya zikija unabomoa, unasambaza, unamwaga ulezi. Ukichelewa mvua zikakatika, udongo unakuwa kama sakafu na majani yanakuwa makuti. Huna ulezi mwaka mzima.

Mjane hawezi ntumba mia nne peke yake. Mama akachukua ulezi wake wa mwisho ghalani, akabakiza mbegu tu, akapika vyungu vinne vya pombe ya jembe. Akawaalika majirani waje Jumamosi. Walime kutwa, jioni wanywe. Chungu cha jembe kwetu hakifunguliwi mpaka majembe yamerudi yana udongo mbichi. Ukikinywa bila kulima umemla mwenye shamba, na mwenye shamba hawezi tena kuita watu kwa kazi ileile. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, na hakuna aliyeivunja. Nilikuja kuivunja mimi.

Jumamosi hiyohiyo ndiyo ilikuwa ya mechi.

Ijumaa nilizunguka nyumba hadi nyumba. Niliwaambia majirani kwamba mama amesogeza kazi, kesho njooni uwanjani, pombe itakuwa kulekule. Walifurahi. Nani angependa kulima siku ya mechi kama ile? Asubuhi yake nikaja na rafiki zangu na mkokoteni. Mama alikuwa uani, ametoa jembe lake na la marehemu baba, anangoja watu.

"Oska," akaniuliza, "unapeleka wapi vyungu vyangu?"

"Mama, leo ndiyo leo. Tukishinda wachezaji wanywe, wapate nguvu. Jumatatu nakuletea timu nzima, kumi na moja na wa akiba. Wanalimaliza shamba lako jua halijawaka."

"Hao wameshika jembe lini?"

"Mama, ni wanaume hao!"

"Sijakuuliza kama ni wanaume."

Rafiki zangu wakacheka. Wakamcheka mama yangu, mbele yangu, nami nikacheka nao. Alikuwa ameshika shingo ya chungu kimoja. Nikamwambia neno ambalo nimelibeba mpaka leo. Nilimwambia, "Tangu baba afe, mwenye nyumba hii ni nani?"

Akaachia chungu. Aliingia ndani, nasi tukaondoka tukiimba.

Mwanangu, wale wa Tabora ungewaona! Walikuwa wamefika jana yake, wametoka treni, wamepanda lori, lori limezama kwenye matope njia nzima. Macho mekundu. Halafu unajua jinsi mji wetu unavyosemwa huko nje, watu wanatuogopa kama vile kila bibi wa Sumbawanga anaruka na ungo. Walikataa kulala nyumba ya wageni, wakalala ndani ya lori. Walikataa maji yetu, walikuja na madumu yao. Uwanjani hawakupita getini, waliruka mtaro nyuma wakaingilia kwenye kona. Na mimi, mtu wa kanisani kila Jumapili, nilikuwa nimekwenda dukani kwa Bwana Salumu nikachukua ndimu tatu, nikazipanga ndani ya goli lao. Ndimu za dukani! Bwana Salumu mwenyewe aliniuliza kama nina mafua. Golikipa wao alipoziona alisimama hatua nne mbele ya goli, akakataa kugusa mlingoti, hata wa goli la pili, mpaka filimbi ya mwisho.

Tuliwafunga matatu kwa sifuri. Kipindi cha pili upepo ulikuwa mgongoni kwetu, tunapiga mpira mrefu tu, unapaa, Gaudensi anaukimbilia, golikipa yuko mbali na goli lake. Nilipiga ngoma mpaka ngozi ikapasuka.

Tukafungua vyungu. Mirija ikaingia, wachezaji wakanywa, washangiliaji wakanywa, hata majirani wale wa mama wakanywa. Nikapanda juu ya mkokoteni, nikatangaza kwamba Jumatatu Upepo wote wanalima shamba la mama. Wakaitikia, "Jumatatu!" Gaudensi ndiye aliyeitikia kwa sauti kuliko wote, mrija mdomoni.

Mtu mmoja hakunywa. Mjomba Kasiano, kaka yake mama, mtu mfupi wa maneno machache. Alikuwa amekaa pembeni, jembe limelala miguuni, maana alitoka kwake akijua anakwenda kulima. Nikamfuata kwa mbwembwe.

"Mjomba, umemwona Gaudensi? Nani nchi hii wa kumzuia?"

"Hawakufungwa na Gaudensi," akasema. "Wamefungwa na barabara, na upepo, na hofu yao. Huko kwao mtakuwa na nini?"

"Mjomba, wewe unajua jembe. Mpira tuachie sisi."

Akaniangalia. "Haya. Na pombe ya dada yangu, hiyo nayo mmeijua?"

Akachukua jembe lake akaondoka. Mimi nikarudi kwenye chungu.

Jumapili baada ya misa viongozi wa timu wakatangaza kwamba lori linaondoka Jumatatu alfajiri, njia ni mbaya, tukichelewa treni itatuacha. Nilikumbuka shamba? Nilikumbuka. Nikajiambia mvua bado zipo, tukirudi tutalima tukiwa timu ya ligi ya taifa. Nikamtuma mtu akamwambie mama. Kama alifika au hakufika sijui, na sikuwahi kumuuliza.

Asubuhi ya Jumatatu lori lilipita kwanza kijiji cha Milanzi kuchukua wachezaji wawili, na njia ilipita mbele ya nyumba yetu. Nilikuwa juu kabisa, na ngoma yangu. Nikaona uani kwetu majembe. Mama alikuwa ameazima majembe kwa majirani, ameyapanga ukutani yamesimama mstari mmoja, kumi na tano, la kila mchezaji na wale wa akiba. Yeye amesimama mlangoni amejifunga kitenge cha kazi. Na mimi, mwanangu, nilifanya nini? Nilimpungia mkono.

Hakuna haja ya kukuchosha na Tabora. Joto, uwanja tambarare, upepo hakuna hata wa kutikisa jani. Mipira yetu mirefu ilikuwa inadondoka miguuni mwa mabeki wao kama mtu amewatumia mzigo. Habari za ndimu zilikuwa zimewafikia kabla yetu, na kila mshabiki wao alikuja na ndimu yake. Walituimbia, wakaturushia, wakatuuliza kama tumekuja kuuza. Golikipa wao, yuleyule aliyeogopa mlingoti wetu, aliokota ndimu moja nyuma ya goli, akaing'ata, akaifyonza, akatukonyeza. Tulifungwa sita. Hata ngoma sikuipiga, nilikaa juu yake.

Gaudensi hakupiga shuti hata moja golini. Lakini bwana mmoja wa timu kubwa ya pwani alikuwa amesikia sifa zake, akamfuata baada ya mechi, na Gaudensi akaenda naye. Nilimkuta stesheni anangoja treni ya kwenda upande mwingine, ana viatu vipya. Nikamwambia, "Gaudensi, tulikubaliana shamba la mama." Unajua alichonijibu? "Kamsalimie mama. Mwambie kimpumu chake kilikuwa kitamu sana."

Huyo ndiye niliyemnywesha ulezi wa marehemu baba yangu.

Kurudi kulituchukua muda mrefu. Daraja moja lilikuwa limekwenda na maji, tukakaa Mpanda tukila mihogo ya kupewa. Nilipofika nyumbani mvua zilikuwa zimekatika siku nyingi. Nikaenda moja kwa moja shambani. Mama alikuwa huko. Alikuwa amefukia ntumba hamsini na kitu kwa mikono yake, na nyingine chache alizosaidiwa na Mjomba Kasiano na mkewe, waliokuja bila kuitwa. Majirani walikuwa wanapita njiani wanamsalimia wanaendelea. Usiwalaumu. Walikwisha kunywa, na aibu ilikuwa inawazuia hata kumtazama.

Nikanyakua jembe la baba. Nikapiga, likaruka. Nikapiga tena, likaruka, cheche zikatoka kwenye jiwe. Mama akaniangalia, hana hasira, amechoka tu.

"Acha, Oska. Utavunja mpini wa baba yako."

Ntumba hizo hamsini na kitu zilitoa ulezi wa kula kidogo. Wa msiba haukupatikana. Ilipofika wakati, Mjomba Kasiano akasema atatoa wake, lakini akaweka sharti. Nitakwenda kwake kuuchukua mimi mwenyewe, mchana, kwa kupita katikati ya kijiji, kikapu kichwani kama mwanamke, na kila atakayeniuliza nambebea nani nimjibu ukweli. Waliuliza wote. Walijua, lakini waliuliza. "Oska, ulezi huo wa wapi?" "Wa kuomba." "Wa nini?" "Wa msiba wa baba." Kuna mzee mmoja alivua kofia yake, na huyo ndiye aliyeniumiza zaidi kuliko waliocheka.

Baba yangu, mtu wa ntumba mia nne, msiba wake ulimalizwa kwa ulezi wa kuomba. Watu walikunywa wakasema pombe ni nzuri. Mama alikunywa kidogo, akaniwekea mrija, akasema, "Kunywa, mwenye nyumba." Hakusema kwa kejeli, na nadhani ndiyo sababu hata leo siwezi kulisimulia hilo vizuri.

Upepo haikufika msimu mwingine. Seremala alirudi kwenye mbao zake, golikipa kwenye masufuria. Siku moja Bwana Salumu alinikuta nazubaa mbele ya duka lake, akaniambia, "Oska, ndimu zipo, unahitaji?" Nilimtukana, halafu nikaomba kazi ya kupakua mizigo. Nilipoanzia ni hapo. Mashine unazoziona zimetoka hapo.

Sasa nikuambie kuhusu timu yenu, na usiseme mzee ana wivu. Mimi ni mshabiki tangu kabla baba yako hajazaliwa. Kila mechi naisikiliza, redio iko juu ya mashine na nikizima mashine wateja wananung'unika. Nasema ninachokiona. Mmeshinda nyumbani, sawa. Wageni bado wanafika hapa wamechoka na baridi inawapiga, na bado wapo wanaoruka mtaro wasipite getini, msijidanganye kwamba mambo hayo yamekwisha. Ugenini mmeshinda wapi? Hebu nitajie. Beki wenu wa kushoto anapanda kama ana haraka na kurudi hataki. Kiungo mnayemsifu anapiga chenga mbele ya jukwaa letu, akitoka nje ya mkoa haonekani. Na yule wa mbele mnayemwita moto, msimu ukiisha atakuwa Dar es Salaam, na viatu vipya. Kocha naye atakwenda kwingine. Mtakaobaki na timu ni wewe na jezi yako.

Mtashuka. Nimelisema, na limeniuma kulisema, maana nami nitakuwa nimekaa kwenye redio siku hiyo nikitumaini niwe nimekosea.

Ninachotaka ushike ni hiki. Ipende timu, simkatazi mtu kupenda, mimi mwenyewe nimeshindwa kuacha. Lakini uipende kwa kilicho chako. Jasho la mama yako si lako. Siku zake za mvua si zako. Usimwahidie mtu mikono ya watu wengine, hasa mikono isiyojua jembe. Ukitaka kujua timu yako ina nini, itazame ikiwa ugenini ambako hakuna anayeiogopa. Na mtu mwenye jembe akikwambia neno kuhusu mpira, msikilize, huenda ameona kitu kwa sababu yeye hapigi ngoma.

Leo asubuhi nimechomeka kidole changu kwenye udongo nyuma ya mashine. Bado umelowa. Nimepita njia ya kwenu, majani bado mabichi. Jumamosi hii mnacheza ugenini, najua, na najua basi la washabiki linaondoka Ijumaa. Mama yako hajapika pombe ya jembe, hana ulezi wa kupikia, na hataniomba mimi. Nitakuja na jembe langu saa kumi na mbili asubuhi. Nina umri huu na mgongo huu, nitafukia mbili tatu halafu nitakaa nikusimamie. Nije nikukute.

Mungu azinyeshee ntumba zako, ayaozeshe majani yako vizuri, akupe ulezi wa kutosha mpaka na wa kuwapa waliokosa. Mama yako asiazime jembe kwa ajili ya watu wasiokuja. Na kama iko siku timu hii itashinda ugenini mechi ya maana, Mungu anibakize, unikute mashineni, uniambie mzee ulikosea. Nitazima mashine zote mbili nikusikilize.